Kuku Mkorofi Usimsukumie Jirani

Jamani, kuna mtindo hapa Nyarugusu inabidi tuuseme. Mtu ana kuku anayedonoa wenzake hadi damu. Jioni anamfunga miguu, anampelekea mama fulani kijiji cha pili: "Chukua mama, huyu anataga vizuri sana." Kutaga anataga kweli, ila mengine hayasemwi. Baada ya wiki moja kuku wawili wa yule mama hawana manyoya mgongoni, na maneno yameanza kati ya nyumba mbili.

Kumhamisha ruksa. Kumhamisha kimyakimya, mimi nakataa.

Na kabla hujamhukumu, angalia banda lako. Kuku wana ngazi yao ya ukubwa. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika habari hiyo tangu miaka ya 1920, lakini bibi zetu walikuwa wanaijua bila kufika Norway. Mmoja anakula kwanza, wengine wanafuata. Kudonoana kidogo ni kawaida. Vita inakuja pale banda la kuku 4 umefungia 10, chombo cha chakula ni kimoja, na kila siku ni pumba tupu, hakuna dagaa wala majani. Weka vyombo viwili mbalimbali, ning'iniza fungu la lengalenga walirukie, halafu subiri siku kadhaa uone. Na kama ana vifaranga, huyo ni mzazi anayelinda watoto wake. Mwache.

Akiendelea, mtenge peke yake siku 4 au 5 hivi. Akirudi anakuta wenzake wameshapanga upya nani mkubwa, mara nyingi anaanzia chini. Aliyejeruhiwa naye mtoe haraka, maana kuku wakiona damu hawana huruma.

Imeshindikana? Mtafutie mtu mwenye kuku wakubwa wenye nguvu na uwanja wa kutosha, siyo mwenye vitetea vitatu vichanga. Mwambie ukweli wote. Mwambie pia lini alipata tone la jicho la kideri, kwa sababu chanjo ile inarudiwa kila miezi 3 na ugonjwa wenyewe unamaliza banda zima. Huko aendako akae pembeni kwanza wiki mbili, kisha waonane kupitia wavu, halafu aingizwe usiku wenzake wakiwa wamelala. Ukikosa mtu wa hivyo, chungu nacho ni makazi mapya. Hakuna atakayekulaumu, tualike tu.

Ndugu zetu wa mashirika, hili linawahusu pia. Kuku wa mradi wananunuliwa sehemu tatu tofauti, wanamwagwa banda moja mchana kweupe, picha zinapigwa, gari linaondoka. Wanauana. Baadaye tunasikia eti vijana hawakujali mradi! Leteni kuku wa sehemu moja na umri mmoja. Kama haiwezekani, tupeni wavu na misumari kabla ya kuku, hata wiki mbili kabla. Kugawa banda tunajua wenyewe, miti tunayo.