Ukoo na Ushuhuda Wake



Katika Kitabu cha Ezra, sura ya 2, twasoma habari za watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Miongoni mwao walikuwamo waliojiita wa ukoo wa makuhani. Wakayatafuta majina yao katika orodha za nasaba, wasiyaone; basi wakaondolewa katika ukuhani. Neno lililowashinda ni moja tu: ushuhuda ulioandikwa.

Jambo hilo si la kale peke yake. Vita vya 1996 na 1998 vilizitawanya jamaa nyingi za Fizi na Baraka, wengine wakavuka ziwa mpaka Kigoma. Tangu 2015 Lusenda yetu ilipokea Warundi wengi waliokimbia machafuko ya kwao, na wengi hawakubeba hati hata moja. Mtu wa namna hiyo akitaka kufunga ndoa, au kuwatafuta ndugu zake, huulizwa: Wewe u mtoto wa nani, na nani ashuhudia?

Kanisa linao ushuhuda huo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kuandika ndoa na ubatizo vitabuni. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 535, yaagiza kila paroki iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu, na vile vya kale vitunzwe kwa uangalifu.

Lakini karatasi huliwa na mchwa na moto. Kwa hiyo nchi nyingi zilipiga picha za vitabu vyao kwenye filamu nyembamba, iitwayo mikrofilamu. Chama cha nasaba cha Utah, Marekani, kilianza kazi hiyo mwaka 1938. Kufikia 2021 filamu zake zipatazo milioni 2.4 zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta. Leo kijana aweza kusoma nyingi kati ya hizo kwenye simu yake.

Basi, huyo kijana akilipata jina la babu yake, afanyeje? Wengi huandika: “Nimeliona kwenye intaneti.” Maneno hayo hayafai kitu. Ni kama kumwambia mgeni kwamba nyumba yako iko Kongo. Yatupasa kuandika mambo matatu, kwa utaratibu huu.

Kwanza, kitabu chenyewe: jina la paroki, aina ya kitabu, miaka yake, ukurasa, namba ya mstari, jina la mtu na tarehe.

Pili, filamu: nani aliitengeneza, namba yake, na namba ya picha. Angalieni sana hapa. Filamu moja yaweza kuchukua vitabu kadhaa, kwa hiyo picha ya 118 si ukurasa wa 118. Tena filamu ikiingizwa katika kompyuta yaweza kupewa namba nyingine. Ziandikeni zote mbili.

Tatu, mahali mlipoisoma, na siku mliyoisoma. Semeni pia kama mliiona picha ya kitabu chenyewe, au orodha tu iliyonakiliwa na mtu mwingine. Anayenakili huweza kukosea herufi, na herufi moja humgeuza mtu kuwa mwingine.

Msichanganye karatasi na picha yake. Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kina mikrofilamu za Nyaraka za Taifa za Kenya. Atakayeandika “Syracuse” peke yake atampeleka mwenzake Marekani, na karatasi zenyewe ziko Nairobi.

Majina nayo yaandikwe kama yalivyo kitabuni. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwakataza watu majina ya Kikristo. Hivyo mtu mmoja aweza kuwa na jina hili katika kitabu cha ubatizo na jina lile katika hati ya serikali. Ukilisahihisha la kwanza ili lifanane na la pili, umeuharibu ushuhuda. Miji nayo ni vivyo hivyo: Albertville imekuwa Kalemie, Baudouinville imekuwa Moba. Andika jina la kitabuni, kisha la leo kando yake.

Msiyapuuze maandishi ya pembeni mwa ukurasa wa ubatizo. Humo huandikwa kipaimara, ndoa, au upadri; na ndoa iliyofungwa mbali huonyesha mtu alikohamia.

Enyi wanafunzi, mnaojua kalamu na simu, kazi hii ni yenu. Kaeni na wazee, ulizeni majina ya mababu, andikeni aliyesema na siku aliyosema. Kisha tafuteni vitabuni. Na msipoona kitu, andikeni pia kitabu mlichokitafuta, ili ndugu yenu asirudie kazi ile ile.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Na ukoo ni mali kuliko ng'ombe na mashamba.