Sonona si Uvivu

Katika kidato cha pili tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye kwa hisabati hakuwa na mshindani. Muhula wa kwanza alitufundisha sisi wenzake. Muhula wa pili akaanza kubadilika. Kengele ya alfajiri ililia naye akabaki kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Chakula alikigusa akakiacha. Daftari lake, ambalo zamani lilikuwa fahari ya darasa, likajaa kurasa tupu. Kiranja wa bweni alimwita mvivu, mwalimu wa zamu akampa adhabu ya kufyeka nyasi, na sisi, msomaji, tulimbandika jina la Bwana Blanketi tukaangua kicheko kila alipopita. Kabla ya muhula kwisha alijitwika sanduku lake akaenda zake. Hakuna aliyemwuliza swali moja la haki: Ndugu, una nini?

Nimeanza na aibu hiyo kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliocheka, na kwa kuwa najua vicheko vya namna hiyo vingali vikisikika katika mabweni yetu. Mwenzetu alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake waitwa sonona. Kufyeka nyasi hakuponyi sonona, kama vile fimbo isivyoponya malaria. Na mtu ampigaye mgonjwa wa malaria kwa sababu anatetemeka, sote tungemwita dhalimu.

Wako wasemao kuwa maradhi haya ni ya Wazungu, yamekuja na simu na televisheni, na kuwa wazee wetu hawakuyajua. Nawaomba watu hao wafungue kamusi. Humo watakuta sonona, jitimai, simanzi, majonzi na unyong'onyevu. Je, watu hutunga maneno matano kwa jambo wasilopata kuliona? Waliohitaji maneno mengi hivyo kupambanua uzito wa moyo hawakuwa wageni wa uzito huo.

Wengine hushika methali. Mvumilivu hula mbivu, humwambia mgonjwa, kisha huondoka wakijiona wametenda wema. Methali hiyo ni ya kweli kwa mwenye kungoja embe. Lakini maradhi nayo huiva, na mwenye kuyavumilia hula matunda yake machungu. Hatumwambii aliyevunjika mguu avumilie mpaka mfupa ujiunge wenyewe, ukiwa kombo. Wako pia wasemao kuwa sala peke yake yatosha. Sina ugomvi na sala. Bibi yangu alisali kila alfajiri, na alfajiri hiyo hiyo akameza vidonge vyake vya shinikizo la damu.

Basi sonona hutambulikanaje? Huzuni ya kawaida aghalabu ina sababu na ina mwisho: mtu hulilia msiba au mtihani, kisha siku hupita na kicheko hurudi. Sonona hukaa. Matabibu hutazama kama hali imedumu kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Mpira ulioupenda hauna ladha tena. Usingizi hukimbia, au huja kupita kiasi. Mwili huchoka bila kazi, akili haishiki somo, na moyoni hunong'ona sauti kwamba hufai. Si lazima dalili zote zionekane pamoja. Kwa kijana, tena, sonona mara nyingi huvaa nguo ya hasira: aliyekuwa mpole huwa mgomvi, na katika ripoti huandikwa "jeuri" mahali palipostahili kuandikwa "mgonjwa". Ipo na aina nyingine, ambayo hisia hupanda kisha hushuka. Kwa siku kadhaa mtu halali wala hachoki, husema mbio mbio, hutumia fedha ovyo na kujiona mfalme. Halafu huporomoka shimoni. Huyo hakurogwa. Anahitaji daktari, maana kwake aghalabu mazungumzo hayatoshi bila dawa.

Nadhani hofu iliyo kubwa kuliko zote ni hofu ya jina Mathari. Hospitali hiyo ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1910, na wakoloni waliiita nyumba ya wendawazimu. Mpaka leo jina lake hutupwa kama tusi uwanjani. Lakini wenye sonona walio wengi hawalazwi popote. Huketi mbele ya mtu aliyefunzwa kusikiliza, wakazungumza.

"Mazungumzo tu?" utauliza. Ndiyo, lakini si porojo. Katika miaka ya 1960 daktari wa Marekani, Aaron Beck, aligundua kuwa wagonjwa wake wa sonona walijiwa na mawazo ya kujishutumu, nao waliyaamini bila kuyapima. Akawafundisha kuyahoji kama hakimu amhojivyo shahidi: Umejuaje? Ushahidi wako u wapi? Kijana asemaye, "Nimeanguka Kemia, basi mimi si kitu," hufundishwa kuona kwamba nusu ya kwanza ya maneno yake ni habari, na nusu ya pili ni uzushi. Hapa kwetu Kenya, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 liliwahusu wanafunzi 413 wa shule za sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Baadhi yao walikutana kwa vikundi mara nne katika majuma manne, wakiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni, wakazungumza juu ya kukua, shukrani na mambo wanayoyathamini. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma. Dalili za wale wa kwanza zilipungua zaidi. Mpango huo uliitwa Shamiri, neno letu wenyewe. Sisemi kwamba majuma manne yamtosha kila mtu. Wako wahitajio miezi, na wako wahitajio dawa, wala hapana aibu katika hayo.

Lawama nyingine ni ya shule. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha kwa jina. Chumba chake ni ghala la viti vibovu, na mwalimu huyo huyo ndiye mwenye daftari la adhabu. Nani atafungua moyo wake mbele ya daftari la adhabu? Na siri iliyosemwa asubuhi huwa kitafunio cha saa nne katika chumba cha walimu. Mshauri wa kweli hutunza siri, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Mwulize jambo hilo kabla hujaanza kusema; ni haki yako.

Sheria yenyewe imeanza kuona. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ikiwa mahakama imeweza kupambanua mgonjwa na mhalifu, sioni kwa nini kiranja wa bweni ashindwe.

Yule mwenzetu nilikutana naye baada ya miaka mingi. Alikuwa ametibiwa, ana duka na watoto wawili, na hisabati yake ilikuwa imemrudia. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza kwa upole, akasema kwamba siku zile angemweleza yeyote ambaye angemwuliza.

Ikiwa umejiona katika maneno haya, usingoje muhula uishe. Mwambie mzazi, shangazi, mwalimu unayemwamini, au mwuguzi wa zahanati. Sema kwa maneno mepesi: sijalala vema majuma mawili, sioni raha kwa lolote, nahitaji msaada. Na kama mawazo ya kifo yamekujia, usiyangojee majuma mawili, sema leo. Nambari 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo. Na ikiwa uliyemwona ni jirani yako wa kitanda, mwulize ana nini, kisha nyamaza mpaka ajibu. Akikubali kwenda kwa mshauri, fuatana naye mpaka mlangoni, keti nje, umngoje atoke.