Kunena ni Kazi ya Kujifunza

Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wazazi wengi huliuliza wakati wa kulipa karo: Je, yafaa mtoto apelekwe chuoni ili afundishwe kusema? Ikiwa ni udaktari au uhandisi, mzazi hulipa bila manung'uniko. Lakini akisikia kwamba kijana wake amechagua masomo ya usemaji, michezo ya kuigiza, mahubiri au utangazaji, hushika tama. "Kusema," asema, "alikwisha kufundishwa na mama yake."

Neno hilo lina haki yake, wala hatulicheki. Lakini na tulitazame vizuri. Asemaye nyumbani husema na watu wamjuao. Asiposikika huambiwa arudie, na akikosea neno, uso wake humweleza. Mtangazaji hana nafasi hiyo, na mhubiri au mwigizaji anayo kidogo tu. Tena mara nyingi habari yenyewe ni nzito: maradhi yaliyoingia wilayani, mafuriko yanayokuja, faraja kwa waliofiwa. Hapo kusema vibaya si aibu ya msemaji peke yake, bali ni hasara ya wasikilizaji. Wazee walisema kweli: Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Ndiyo sababu wenzetu wa nchi nyingine walianza zamani kulifanya jambo hili kuwa elimu. Huko Marekani, katika mji wa Evanston karibu na Chicago, Bwana Robert McLean Cumnock alianzisha shule ya usemaji mwaka 1878 katika Chuo Kikuu cha Northwestern, chuo kilichoanzishwa na Wamethodisti. Mwaka 2002 shule hiyo ikapewa jina la Shule ya Mawasiliano, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha kupanuka mpaka redio na televisheni. Katika mji wa Boston nako, chuo cha Emerson kilianza mwaka 1880 kwa kufundisha usemaji na uigizaji. Mwaka 1949 kikafungua stesheni yake ya redio, wanafunzi wapate kujifunza kwa kutenda.

Hufundishwa nini basi? Kwanza ni pumzi, ili sauti isikatike kabla ya maneno kwisha. Kisha kila kazi ina desturi yake. Mwigizaji hana budi kuipeleka sauti mpaka kwa mtu aliyeketi nyuma kabisa. Mtangazaji yu kinyume chake: kipaza sauti ki karibu na kinywa chake, na herufi kama P na B zikitamkwa kwa nguvu hupiga kishindo masikioni mwa watu. Yeye husikiwa na maelfu, lakini kila mmoja yu nyumbani mwake. Kwa hiyo husema kana kwamba anazungumza na mtu mmoja. Naye mhubiri hufundishwa kuchagua jambo moja, kulieleza, kulileta katika maisha ya wasikilizaji wake, na kunyamaza kazi ikiisha.

Hapa Afrika ya Mashariki elimu hii si ngeni. Chuo cha wachungaji kilianza Freretown, Mombasa, mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930. Leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Chuo cha Utangazaji cha Nairobi kilianza mwaka 1961 kwa kuwafundisha mafundi wa redio, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua shule ya uandishi wa habari. Jirani zetu wa Dar es Salaam walianza kufundisha sanaa za maonyesho katika chuo kikuu chao mwaka 1967, na chuo cha sanaa cha Bagamoyo kikafuata mwaka 1981.

Lakini liko jambo moja ambalo twataka wakuu wa vyuo walifikiri sana. Katika vyuo vikuu vya Kenya lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Kijana husoma miaka mitatu au minne, kisha hupelekwa kusema na watu kwa Kiswahili, au kwa Kikamba, au Kijaluo. Matokeo yake twayasikia kila siku. Mtangazaji asema "mwisho wa siku serikali italipa", na mzee aliyeko shambani adhani fedha zitatoka magharibi ya leo, kumbe alitaka kusema "hatimaye". Sauti ni nzuri, pumzi ni ya kutosha, lakini maneno yamevaa koti la mtu mwingine.

Hatusemi Kiingereza kiachwe; kina vitabu vingi na faida nyingi. Twasema kwamba mafunzo ya kusema hayakutimia ikiwa mwanafunzi hakupimwa katika lugha atakayoitumia, mbele ya watu atakaowatumikia. Wanafunzi wa Makerere walionyesha njia mwaka 1965, walipotoka chuoni wakaizunguka nchi na michezo yao, mingine ikiwa kwa Kiswahili na kwa Kiganda. Watu wa vijijini hawatoi vyeti, lakini wasipoelewa huondoka. Huo ni mtihani ambao hakuna mwalimu awezaye kuushinda kwa ukali.

Basi wazazi, msiwavunje moyo watoto waliochagua kazi hii, wala msidhani ni mchezo. Lakini kabla ya kulipa karo, ulizeni maneno mawili: Je, chuo hiki kina mahali pa kufanyia kazi kwa mikono na kinywa, au ni vitabu tu? Na je, mtoto wangu atafundishwa kuisema vema lugha ya watu wake? Nanyi vijana, msingoje chuo. Someni gazeti kwa sauti mbele ya bibi zenu jioni, kisha waulizeni wamefahamu nini. Wakiweza kuwarudishia habari ile ile, mmekwisha kuanza masomo.