Saa Mbili za Jumamosi kwa Wahitimu wa Ruanda

Ndugu zangu wa kata yetu ya Ruanda, wazazi, walimu, na ninyi vijana mliotangulia vyuoni, nina ombi kwenu, na ni la mwaka huu huu.

Kijana wetu wa kidato cha sita anafanya mtihani wake Mei. Wengi hupitia JKT, kisha husubiri vyuo vifunguliwe kuanzia Oktoba. Wa kidato cha nne anamaliza Novemba, na akichaguliwa kuendelea, kidato cha tano huanza Julai. Katika miezi hiyo ya kusubiri, naomba tuwatengee vijana saa mbili kila Jumamosi alasiri, wakae pamoja wazungumze Kiingereza.

Nasema wazungumze, maana kusoma na kuandika wanakuja nako kwa kiasi chake. Mtihani wa taifa wa Kiingereza kidato cha nne ni wa kuandika tu. Hakuna anayemketisha mtoto amsikilize. Mwalimu mwenye darasa lililofurika atafundisha kinachotahiniwa, na simlaumu hata kidogo. Basi kijana anaweza kufaulu vizuri asiwe amewahi kutoa sentensi tano mfululizo mbele ya watu.

Akifika chuo, mhadhiri anaongea saa nzima, ubaoni haandiki kitu. Kijana aliyezoea kunakili notisi ameshika kalamu, anasubiri. Anapokuja kudaka neno la kwanza, mwenzake keshafungua ukurasa wa pili. Jioni anatafuta madesa ya waliomtangulia akariri. Kundi lake likiwasilisha semina, anaomba apewe kazi ya kuchapa, mradi asisimame. Somo analijua, ila hakuna aliyemsikia akilieleza. Vyuo vingi vina somo la stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, jambo jema sana, lakini masomo mengine yote yanakimbia nalo sambamba, kwa Kiingereza hicho hicho.

Tusiwaone wazito. Watoto wengi wa hapa wamelelewa kwa Kinyiha, wakasoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wakakuta bayolojia, hesabu na historia vyote kwa Kiingereza. Kujifunza lugha wanajua. Wamekosa mahali pa kukosea bila kuchekwa, na naamini kicheko cha darasani kimewafunga midomo wengi kuliko sarufi. Kwenye kikao chetu, asiruhusiwe mtu kumcheka mwenzake.

Ninyi mnaorudi likizo wakati wa kuchuma kahawa, njooni na daftari zenu. Mmoja asimame kama mhadhiri, aeleze mada kwa dakika kumi bila kuandika ubaoni. Wadogo zenu waandike hoja kwa maneno yao, kisha walinganishe nani kashika nini. Wakikwama, wajadiliane kwa Kiswahili mpaka waelewe, halafu waseme tena kwa Kiingereza. Kila mmoja azungumze dakika tatu juu ya jambo analolijua, hata bei ya kahawa, aulizwe swali, ajibu. Wafundisheni pia kumwandikia mhadhiri barua pepe ya heshima na fupi.

Tunao ndugu Tunduma, mawakala wa forodha na wafanyabiashara. Pale mpakani, ambapo tangu 2019 Tanzania na Zambia zinahudumia watu na mizigo katika kituo cha pamoja, wanaongea na madereva na maofisa wa upande wa Nakonde. Mmoja wao akija kueleza kwa Kiingereza anavyofuatilia lori lililokwama, vijana watasikia lugha ikifanya kazi.

Wazazi, waachieni vijana hizo saa mbili, na mabinti hasa, maana wao ndio hubakizwa na maji na jikoni. Wakuu wa shule, tunaomba chumba kimoja na ubao. Wazee wa makanisa, ukumbi ukiwa wazi alasiri hiyo, tukaribisheni. Kila kitongoji kiandike majina ya wahitimu wake na ya yeyote aliye tayari kuwasimamia, kiyafikishe kwa mtendaji wa kata, ili Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tuanze na watakaokuwepo, hata wakiwa wanne.