Sema una kigugumizi, usiombe radhi
Safu ya Jumamosi, na Salehe Mwinyimkuu

Mwenye kigugumizi anayekificha hufanya kazi mbili kila anapofungua mdomo. Anazungumza, na papo hapo anayachungulia maneno yaliyo mbele ili ayakwepe yatakayomkwama. Akihisi "mkate" utamnasa, ataagiza chapati asiyoitaka. Kwenye daladala atashuka kituo ambacho ulimi wake umekikubali, kisha atembee kurudi kwenye kituo chake. Darasani jibu analijua na anakaa kimya. Kazi hii ya pili haionekani, na wapo walioifanya miaka mingi bila hata mwenzi wa ndoa kufahamu. Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe, alikifananisha na mlima wa barafu baharini: kinachosikika ni kilele tu, na chini ya maji kuna hofu, aibu na hila za kujificha.

Hila zote hizo hugota kwenye jina. Chapati inaweza kushika nafasi ya mkate, lakini ukiulizwa unaitwa nani huna jina jingine la kuazima. Bwana harusi mbele ya shehe naye hana pa kuchepukia, kwa sababu maneno ya kukubali ndoa hupewa ayatamke kama yalivyo. Askari wa kizuizini au karani wa dirishani akisikia mtu mzima anahangaika na jina lake mwenyewe, hudhani anadanganya au amelewa. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema hakuna haja ya kujieleza, kwamba watu watajua wenyewe ukianza kuongea. Hawajui. Wanakisia, na wanayoyakisia ni mabaya kuliko ukweli.

Nasema "wenzangu" kwa sababu nina kigugumizi tangu utotoni. Na msimamo wangu ni kwamba katika mazungumzo yenye uzito, mwenye kigugumizi atangulie kukitaja yeye, mapema, kwa sentensi mbili au tatu, bila kuomba radhi.

Hilo la radhi ndilo gumu. Mpwa wangu alikuja nyumbani kujiandaa kwa usaili wa kazi ya uhasibu. Baada ya shikamoo na chai, akanisomea aliyopanga kuwaambia wasaili: "Samahani sana waheshimiwa, nina tatizo la kuongea, naomba mnivumilie."

"Samahani ya nini?" nikamuuliza.

"Si nitawapotezea muda, mjomba."

Tukayaandika upya: "Kabla hatujaanza, niwaambie kwamba nina kigugumizi. Neno likinikwama nisubirini, nitalimaliza mwenyewe. Na msiponielewa, niulizeni." Aliyarudia mpaka yakawa yake, pamoja na kukwama kwake kote ndani yake.

Tofauti ya kauli hizo mbili imepimwa. Mwaka 2017 Courtney Byrd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha utafiti ambamo watu walitazama video za msemaji mwenye kigugumizi. Aliyeanza kwa kueleza tu hali yake alitazamwa kwa jicho jema kuliko aliyeanza kwa kuomba radhi. Sishangai. Radhi huombwa kwa kosa, na msikilizaji akisikia radhi huanza kulitafuta kosa. Kigugumizi si kosa, wala si woga, wala si uchache wa akili. Mwaka 2010 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba mabadiliko katika jeni tatu yanahusiana na baadhi ya visa vyake, na mwaka 2015 jeni nyingine ikatambuliwa kwa kuchunguza ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni. Jeni hizo hazielezi kila kisa, lakini zinatosha kumwondolea mtoto lawama kwamba anajitakia. Kwa watu wazima, takriban mtu 1 kati ya 100 anacho, wanaume wakiwazidi wanawake kwa mbali.

Kazi ile ilikwenda kwa mwingine, na sitadai kwamba kusema wazi hufungua kila mlango. Ila mpwa wangu aliniambia kwamba kila swali alilijibu kwa maneno aliyoyataka, si kwa yale ambayo ulimi ulimruhusu. Kwangu hilo ni kubwa.

Nyumbani ndiko ukimya unakoanzia. Wazazi wengi huogopa kulitaja jambo hili mbele ya mtoto, wakiamini kulitaja ni kulikaribisha. Hofu hiyo imewahi kuwa na wasomi nyuma yake: Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa alifundisha kwamba mtoto hupata kigugumizi kwa sababu wazazi wameyaita makwamo yake ya kawaida kwa jina hilo. Kwa miaka mingi wazazi wa Marekani wakashauriwa wanyamaze. Leo nadharia hiyo imeachwa. Watoto wengi wanaoanza kukwama wakiwa na miaka miwili hadi mitano huja kupona wenyewe, na asiyepona anajua fika kwamba kuna kitu. Akiona kila mtu anakikwepa, atajifunza kwamba ni aibu. Mwambie, "Mwanangu, neno lilikuwa gumu kidogo, eh? Endelea, nakusikiliza." Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Na tunaye wa kumfuata. Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni alisema wazi, kabla hajaondoka, kwamba ulimi wake ni mzito, akaomba ndugu yake Haruni awe naye. Wakristo na Waislamu wote wanakisimulia kisa hiki. Watoto wa madrasa hufundishwa dua yake waisome kabla ya mtihani, kisha hao hao wakitoka nje humcheka mwenzao anayekwama. Sisi walezi tunawasikia na tunapita. Tukomeshe hilo.

Sisemi mtu ajitangaze kwa kila anayekutana naye. Konda wa daladala na muuza vocha hawadai maelezo. Kuna siku umechoka na unataka tu kufika nyumbani, na hiyo ni haki yako. Nazungumzia mahali ambapo utarudi tena: kazini, darasani, kwa wakwe, kwa daktari wako.

Wewe uliyeambiwa, una wajibu pia. Usimmalizie neno, hata kama unalijua. Usimwambie "tulia" au "vuta pumzi", ametulia. Mtazame kama unavyomtazama mtu mwingine yeyote, subiri, kisha jibu alichosema. Mwenyekiti wa usaili, mwongezee muda. Mwalimu, unapoita mahudhurio, mruhusu mtoto huyo anyooshe mkono badala ya kusema "nipo", lakini muulize kwanza faraghani kama ndivyo anavyotaka. Tangu 1998 tarehe 22 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Kigugumizi. Usiingoje hiyo. Anza Jumatatu.