Mgambo wa Kagera Waandikwe Wangali Hai

Kila mwaka, ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Rais huweka mkuki na ngao penye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na mzee anayewawakilisha wapiganaji wa zamani huweka shoka. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya, kisha kila mmoja hurejea kwake. Ni desturi njema, nasi hatuna neno la kuipinga. Lakini twapenda kuuliza kwa heshima: yule mzee aliyepigana, na ambaye siku hiyo hana hata nauli ya kufika penye mnara, shukrani yetu humfikia kwa njia gani?

Swali hili twaliuliza tukiwa na Vigwaza mawazoni. Wasafiri wengi wa Barabara ya Morogoro huijua Vigwaza kwa mizani yake tu, mahali ambapo malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda hupanga foleni yapimwe uzito. Ni wachache wanaofikiri kwamba lori lile liendalo Uganda litavuka mpaka wa Mutukula kwa amani, dereva akionyesha karatasi zake tu. Mwezi Januari 1979 wananchi wa nchi hii waliingia Mutukula kwa namna nyingine, na baadhi yao hawakurudi.

Vijana hawakuwapo wakati ule, kwa hiyo si vibaya kukumbushana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, yakaua watu wasio na silaha, yakapora mifugo na kuliharibu daraja la Kyaka. Na Amin mwenyewe akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni mali yake. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba tutampiga. Jeshi letu siku zile lilikuwa na watu wapatao 40,000. Katika muda wa miezi michache tu lilipita 100,000.

Watu hao walitoka wapi? Walitoka katika Jeshi la Kujenga Taifa, katika polisi na magereza, na maelfu kwa maelfu walikuwa mgambo. Wanachama wa zamani wanajua vema asili ya mgambo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ndio uliosema kwamba ulinzi wa nchi hauwezi kuachiwa jeshi peke yake, na kwamba mkulima kijijini na mfanyakazi kiwandani hawana budi kujifunza kuilinda nchi yao. Watu wakaitika. Walifanya gwaride jioni baada ya kazi, bila mshahara, na wengine wao wakichekwa na majirani waliodhani kwamba huo ni mchezo wa watu wazima. Ulipofika mwaka 1978 kicheko kilikwisha.

Mgambo huyo aliacha jembe shambani au nyundo karakanani. Alipakiwa katika treni ya Reli ya Kati au katika lori lililochukuliwa kwa ajili ya vita, akapelekwa Ziwa Magharibi, mkoa ambao pengine hakuwa ameuona hata katika ramani. Tangu hapo sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya miguu. Masaka ilitekwa mwezi Februari 1979. Mwezi Machi, huko Lukaya penye barabara ipitayo katika kinamasi, majeshi yetu yalikutana na askari wa Libya waliokuwa wameletwa kumsaidia Amin. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mwezi Juni askari wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan.

Vita vilipokwisha, askari wa kuajiriwa alirudi kambini, akaendelea na utumishi wake, na mwisho akastaafu kwa kanuni zinazojulikana. Mgambo alirudisha bunduki na kuvua sare, akarudi kijijini kulima. Alirudi wakati mgumu pia, kwani Mwalimu alikuwa amewataka wananchi wakaze mikanda kwa miezi 18, na sote twajua kwamba mikanda ile haikulegea baada ya miezi 18. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwuliza alilolifanya huko alikotoka, naye kwa desturi ya watu wa aina yake hakulisema.

Leo kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 amekwisha vuka miaka 65. Macho yanafifia, magoti yanauma, wenzake wanapungua mwaka hadi mwaka. Wale waliopigana Burma na Madagaska katika Vita vya Pili vya Dunia karibu wote wamekwisha tangulia mbele ya haki. Twataka kungoja mpaka na hawa wa Kagera wafikie hesabu hiyo?

Zipo habari mbili za zamani zinazofaa kutufunza, na zote zinawahusu wakoloni. Ya kwanza ni ya Kariakoo. Jina lile la mtaa wa Dar es Salaam latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi zaidi ya 40,000 waliandikwa kuwa wamekufa, na wengi wengine walikufa bila kuandikwa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 yawakumbuka kwa jumla. Majina yao hayapo. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja imepita. Radhi imeombwa, lakini majina mengi hayapatikani tena.

Ya pili ni ya malipo. Baada ya Vita vya Pili, katika kupiga hesabu ya bahashishi ya vita, askari Mzungu alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika, na Mwafrika shilingi 3 na senti 50. Mkoloni alipima shukrani kwa rangi ya ngozi. Sisi hatufanyi hivyo, lakini tusije tukaipima kwa karatasi ya ajira, tukamwona mwenye pensheni kuwa ndiye aliyepigana, na asiyekuwa nayo kuwa alikuwa akitazama tu.

Yafaa basi serikali za vijiji vya Vigwaza zianze kazi ambayo haihitaji kusubiri amri kutoka Dodoma. Kila ofisi ya kijiji ifungue daftari. Mtendaji akae na wazee, aandike jina la kila aliyekwenda Kagera, aliye hai na aliyekufa. Kikosi chake kama anakikumbuka, mahali alipofika, na mjane aliyeachwa. Daftari lisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Wapo watakaosema kwamba wadanganyifu watajiandikisha. Hatuna hofu hiyo. Wazee wa kijiji kimoja wanajuana, na mtu ambaye mwaka 1979 alikuwa akiuza nazi Bagamoyo hawezi kusimama mbele ya rika lake akadai kwamba aliiona Lukaya!

Daftari hilo liwe la kijiji, wala lisiwe la Chama. Twasema hivi katika gazeti la Chama bila kusita, kwani mzee aliyepigana huenda leo ana kadi nyingine au hana kadi yoyote, na risasi za Amin hazikumwuliza.

Majina yakiisha kupatikana, mengine yatakuwa mepesi. Sera ya Wazee ya mwaka 2003 imekwisha sema kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Mwenye jina katika daftari apewe kitambulisho chake bila kuzungushwa, na akifika zahanati asisimamishwe foleni nyuma ya wajukuu wake. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya jamii, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kiasi cha kuanzia, shilingi 20,000 kwa mwezi, kilikuwa kidogo, lakini kilitolewa. Bara twaweza kuwaanzia hawa wachache, ambao kila mwaka wanazidi kuwa wachache.

Na wafanyakazi wa mizani, walimu, na vijana wa bodaboda wanaoegesha kando ya barabara ile, wanaweza tarehe 25 Julai ijayo kuwachukua wazee hao majumbani mwao na kuwaketisha mbele ya wanafunzi katika uwanja wa shule, wasomewe majina yao. Shoka la Dodoma litawekwa penye mnara kama kawaida. Vigwaza wanaloweza kuweka ni daftari mezani, na kalamu. Na kazi hiyo yaweza kuanza Jumatatu.