Mwandishi wa Habari na Lugha ya Umma

Kazi ya kuandika habari ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama zilivyo ngoma, mashairi na hadithi. Taifa hujitazama katika magazeti yake na kujisikia katika redio zake. Kwa hiyo swali la namna ya kumfundisha mwandishi wa habari si la walimu wa vyuo peke yao, bali ni la umma mzima. Nasi tulio katika kazi hiyo ya ualimu hatuna budi kulijibu wazi, hata kama jibu letu litawachukiza baadhi ya wenzetu.

Siku hizi kila mtaala unaporekebishwa huongezewa masomo ya mitambo: kamera, simu za mkononi, mitandao, na sasa akili mnemba. Sisi hatupingi mitambo. Mwandishi asiyejua zana za wakati wake ni kama mkulima aendaye shambani bila jembe. Tunachokipinga ni imani kwamba zana ndiyo kazi yenyewe. Mashine ya kupiga chapa imepita, mkanda wa kinasa sauti umepita, na simu tunayoisifu leo itapita pia. Yasiyopita ni kuuliza swali la haki, kuthibitisha jibu kwa zaidi ya mtu mmoja, na kulieleza jambo kwa lugha inayoeleweka.

Historia yetu inashuhudia. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyowafikia watu wazima wapatao milioni 2. Wengi huikumbuka redio tu, lakini redio haikufanya kazi peke yake. Palikuwa na vitabu vya Kiswahili chepesi, palikuwa na viongozi wa vikundi waliofunzwa, na palikuwa na wanakijiji walioketi pamoja, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Chombo kilifaa kwa sababu kilikuwa na watu nyuma yake na mbele yake, na kwa sababu kilisema lugha ya wasikilizaji.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Nchini Tanzania redio nyingi mno hutangaza kwa Kiswahili, na magazeti yasomwayo na umma ni ya Kiswahili. Lakini lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vyetu ni Kiingereza. Kijana hujifunza kuhoji, kuripoti na kuhariri kwa lugha moja, kisha huajiriwa ili aifanye kazi hiyo kwa lugha nyingine. Je, fundi gani hufunzwa kushona ngozi ili akaajiriwe kushona hariri?

Matokeo yake tunayasikia kila siku. Tunaambiwa kwamba mkutano "umechukua nafasi", ilhali ulifanyika. Tunaambiwa "mwisho wa siku", ilhali jua bado liko utosini na msemaji alitaka kusema "hatimaye". Haya si makosa ya ulimi tu. Mwandishi anayefikiri kwa Kiingereza na kutafsiri kwa haraka hupoteza maana njiani, na anayedhurika ni mkulima anayetaka kujua bei ya mazao yake au mama anayesikiliza habari za chanjo ya mwanawe.

Wako watakaotujibu kwamba Kiswahili hakina istilahi za taaluma. Jibu hilo ni kasumba. Tovuti, barua pepe, mhariri na runinga hayakushuka kutoka mbinguni. Watu waliyaunda au waliyaazima, wakayatumia, yakazoeleka. Neno "ng'atuka" lilitoka katika Kizanaki, Mwalimu Nyerere akalitumia, na alipoacha urais mwaka 1985 hakuna aliyeuliza maana yake. Istilahi hukua kwa kutumiwa, wala haikui kwa kusubiriwa.

Wengine husema kwamba siku hizi kila mwenye simu ni mwandishi, na kwamba shule ya uandishi haina kazi tena. La hasha! Kusambaza uvumi si kuripoti. Kadiri uvumi unavyokwenda mbio, ndivyo anavyohitajika zaidi mtu aliyefunzwa kusimama na kuuliza: nani kasema, aliona nini, na anafaidika nini?

Na wapo wanaodhani kwamba mashine za akili mnemba zitatuandikia Kiswahili, kwa hiyo tusijisumbue. Mashine hizo hujifunza kutokana na maandishi tuliyoyaandika. Tukizilisha tafsiri mbovu zitatulisha tafsiri mbovu, tena kwa wingi na kwa kasi. Mwenye kupanda magugu asitarajie kuvuna mpunga.

Basi tunadai mambo mawili. Masomo ya kuripoti, kuhariri na kutangaza yafundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili. Kiingereza nacho kifundishwe vyema kama somo, kwani mwandishi anahitaji kusoma ya ulimwengu. Walimu wa sekondari waanze sasa: kila shule iwe na gazeti la ukutani la Kiswahili, na kila mwanafunzi aandikaye habari aulizwe amezipata wapi. Tangu mwaka 2022 ulimwengu huadhimisha Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai. Itakuwa aibu lugha hiyo ikaribishwe ugenini huku ikizuiwa mlangoni mwa madarasa ya nyumbani.